Chupa Iliyolala Barafuni

Kila asubuhi, kabla hajafungua faili hata moja, Sajenti Phelesia alipika chai nyuma ya ofisi ya upelelezi ya Migori. Aliweka sufuria kwenye jiko la mafuta ya taa, akangoja maziwa yapande, akaiinua, akairudisha. Mara tatu. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, na hakuwahi kuuliza sababu. Ijumaa hiyo ya Novemba 1997 alikuwa ameinua mara mbili tu simu ilipolia ndani. Alipoufikia mkono wa simu, maziwa yalikuwa yameshamwagikia jiko.

"Upelelezi, Migori."

"Ni Sista Beverly, wadi ya wanawake, Homa Bay. Ile chupa ya dawa mliyotaka tuichunguze."

"Nakusikia, Sista."

"Si maji."

Phelesia alivuta kalamu. "Inspekta wangu ameandika ni maji. Kwamba mfanyakazi alimwaga dawa akajaza maji ya mfereji."

"Basi mwambie afute. Ni insulini yenyewe, ile nyeupe kama maziwa. Lakini imekatika. Nimeiviringisha viganjani mpaka mikono ikachoka, haichanganyiki. Ina chembechembe zimeng'ang'ania kioo kama uji uliopikwa na mvivu."

"Umeme ulitupotea siku mbili wiki iliyopita, kwa hizi mvua. Haiwezi kuwa joto?"

"Siku mbili haziwezi kuifanya hivi. Chupa unayoitumia huvumilia wiki kadhaa nje ya friji, mradi isipigwe na jua. Hii iliganda, Sajenti. Ilikuwa barafu, kisha ikayeyuka. Dawa ya sukari ikishaganda imekufa. Mgonjwa anajichoma sindano ya bure."

"Na lebo yake?"

"Imenyofoka kona moja."

"Mwalimu je?"

"Alifungua macho jana jioni. Anaweza kusema, lakini usimchoshe."

Phelesia alikata simu na kuvuta faili. Mambo yenyewe yalikuwa machache. Mwalimu Priscilla, mkuu wa shule mstaafu, mgonjwa wa kisukari kwa miaka minne, alisafiri Jumatatu kwenda Homa Bay kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Dawa yake ilikuwa kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana. Alijichoma asubuhi na jioni kama kawaida. Jumatano, katikati ya pambio, alianguka. Alhamisi wazee wa kanisa walikuja kituoni wakamtaja Rispa, mama wa miaka arobaini na kitu, aliyemfanyia Mwalimu kazi za nyumbani kwa miaka tisa. Taarifa yake ilikuwa na mistari miwili: *Ni mimi niliyeifunga dawa hiyo. Mtu mwingine hakuishika.* Chini yake, alama ya kidole gumba.

"Unataka kutuchomea kituo?" Inspekta Nchagwa alisimama mlangoni akiziba pua.

"Ni maziwa, afande. Na si maji."

"Nini si maji?"

Alimweleza. Nchagwa alisikiliza huku akivua koti la mvua, akalitundika, akaketi.

"Maji, barafu, kwangu ni mamoja. Ufunguo wa friji alikuwa nao nani?"

"Rispa."

"Dawa ilifungwa na nani?"

"Rispa. Lakini afande, mtu anayetaka kuua kwa kugandisha dawa lazima ajue kwamba barafu huiharibu. Mimi mwenyewe nimejua leo. Wengi wetu tungedhani baridi ikizidi ndiyo bora."

Nchagwa aliitazama saa yake. "Saa kumi na moja jioni faili inakwenda kwa mwendesha mashtaka. Jumatatu huyo mama anasomewa shtaka la kujaribu kuua, na hilo ni kosa la kifungo cha maisha. Ukinipa jina jingine kabla ya hapo, nitaliandika. Usiponipa, hilo lililopo linatosha."

Rispa aliletwa kutoka mahabusu akiwa amejifunga leso kiunoni, miguu mitupu. Alikataa kiti.

"Mama Tony," Phelesia alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "hiyo dawa iliwahi kuwekwa kwenye barafu?"

"Mimi niliifunga."

"Sikuuliza aliyeifunga."

"Andika hivyo hivyo, mwanangu. Mimi niliifunga."

"Nyumbani mko watatu. Wewe, Mwalimu, na Dorine."

Hapo Rispa aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Dorine usimtie. Huyo mtoto ameshapata taabu ya kumtosha. Nyathina huyo."

Alisema *nyathina*, mwanangu, kama mtu anayefunga mlango na kuuegemea.

Phelesia alisaini daftari la vielelezo, akachukua ufunguo mdogo wa shaba uliotolewa shingoni mwa Rispa, akapitia sokoni kumchukua Onyancha, fundi wa friji.

Dorine aliwafungulia. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mtoto wa marehemu kaka yake Mwalimu, mwenye sauti ya upole na vidole vyenye vumbi la chaki. Alifundisha chekechea ya kanisa, na alikuwa amekuja nyumbani kwa mapumziko ya saa nne.

"Karibuni. Waya anaendeleaje?" Waya ndivyo alivyomwita shangazi yake, kwa Kijaluo. "Nilitaka kwenda jana, barabara ikakatika."

"Anaongea," Phelesia alisema.

"Mungu asifiwe."

Friji ilikuwa sebuleni, mahali pa heshima, baina ya kabati la vyombo na picha ya Mwalimu akipeana mkono na afisa wa elimu. Ilikuwa nyeupe, fupi, yenye tundu la ufunguo mlangoni, na ilivishwa kitambaa cha kufuma kilichoanguka mbele, ubavuni, na mgongoni.

Onyancha aliisimamia, mikono kiunoni. "Hii mmeivalisha kama bibi harusi."

"Waya anapenda vitambaa," Dorine alicheka kidogo.

"Apende, lakini friji hupumua kwa mgongo. Ukiubana ukutani hivi na kuufunika shuka, inahema mchana kutwa, injini inakufa, halafu mnasema fundi ni mwizi." Aliivuta kutoka ukutani kiasi cha shubiri moja, akakitupa kitambaa kochini. "Haya, Sajenti. Unataka kujua nini?"

"Kama ni mgonjwa."

Aliangalia plagi kwanza, kisha waya wote kama umechubuka. Alipofungua kwa ule ufunguo, alichana ukanda wa gazeti, akaubana mlangoni, akauvuta. Ulikataa kutoka. Alirudia juu, chini, pembeni. "Rabari nzima. Mlango haupotezi baridi." Ndani, kitasa cha baridi kilikuwa kwenye namba tatu kati ya saba. Aliweka kipimajoto kwenye rafu ya mlangoni, akafunga, akaomba maji ya kunywa, akasimulia habari za mteja wa Rongo aliyeingiza sufuria nzima ya pilau ya moto kwenye friji na kulaumu kampuni. Nusu saa ikapita.

"Digrii sita. Dawa ikikaa hapa mlangoni haigandi hata mwaka uishe."

Phelesia alikuwa ameshaona alichokuwa anakitafuta bila kujua. Kwenye rafu hiyo hiyo, nyuma ya siagi, palikuwa na chupa nyingine ya insulini, kifuniko hakijatolewa. Aliishika viganjani, akaiviringisha taratibu. Ilichanganyika ikawa nyeupe laini, bila chembe hata moja.

"Friji moja, mlango mmoja, giza lile lile la siku mbili," alisema. "Hii ni nzima. Kwa hiyo si umeme." Alimgeukia Dorine. "Mwalimu aliiacha hii kwa nini?"

"Labda alisahau. Mambo ya dawa ni yake na Mama Tony."

"Kliniki huenda na nani?"

"Hujiendea mwenyewe. Mimi niko na watoto asubuhi."

Onyancha alifungua kisanduku cha barafu kilicho juu. Utando wa barafu ulikuwa mnene kama kidole. Phelesia aliingiza tochi. Katikati ya weupe ule palikuwa na kishimo kirefu cha mviringo, kama mtu alilaza kitu kidogo hapo usiku kucha na kukibandua kwa nguvu. Chini ya kishimo, kipande cha karatasi.

"Nipe kisu," Phelesia alisema.

"Kisu?" Onyancha alimshika mkono kabisa. "Sajenti, nimezika friji ngapi kwa sababu ya hicho kisu? Ukitoboa hilo bati gesi inatoka, na kuanzia hapo mna kabati la nguo. Subiri."

Alichomoa plagi ukutani, akaomba beseni ya maji ya moto, akaiweka ndani ya kisanduku. Phelesia alipima kishimo kwa rula kabla hakijapoteza umbo: upana wa chupa aliyoishika, urefu wa chupa aliyoishika. Barafu ilipolegea, karatasi ilitoka yenyewe. Ilikuwa kona ya lebo yenye herufi tatu. Aliiweka kwenye bahasha, akaandika saa, akamwomba fundi asaini.

Maji yalikuwa yanachuruzika chini. Onyancha aliivuta droo ya mboga ili apanguse, kisha akainama.

"Haya, na hii? Nani anaandikia barua kwenye friji?"

Chini ya droo, kwenye plastiki nyeupe, palikuwa na wino wa buluu. Haukuwa doa. Ulikuwa mistari iliyonyooka, imegeuka kinyume, kama karatasi iliyolowa ililala hapo siku nyingi ikaacha maneno yake.

"Labda kalamu ilivuja," Dorine alisema. Tangu hapo hakucheka tena.

"Labda. Nitaomba uniandikie taarifa yako mwenyewe. Kwamba hujui mambo ya dawa, na kwamba hujawahi kwenda kliniki. Halafu usaini."

Dorine aliandika haraka, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

Dereva wa kituo aliikanyaga Landrova mpaka Rodi Kopany, walipolazimika kungoja trekta livute lori lililozama tope. Ilikuwa saa saba kasoro robo Phelesia alipoingia wadini. Mwalimu Priscilla alikuwa amelala chali, dripu mkononi, midomo imekauka. Hata hivyo alimkagua mgeni wake kuanzia viatu, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mmemfunga Rispa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mmefanya upumbavu. Rispa hawezi kuchinja kuku bila kumwomba msamaha."

"Basi nisaidie. Husafiri na chupa ngapi?"

"Mbili. Moja ikivunjika nitafia njiani? Safari hii Rispa alinipa moja. Akasema Dorine amemwambia ya pili imekwisha muda."

"Haijaisha. Nimeishika leo. Nani huwa anakwenda nawe kliniki?"

"Dorine. Kila mwezi. Macho yangu hayasomi tena maandishi madogo, yeye ndiye huniandikia maagizo yao." Alielekeza kidevu kwenye mkoba uliokuwa chini ya kitanda.

Ndani ya mkoba mlikuwa na daftari la kurasa thelathini na mbili. Phelesia alilifungua, akalifunga, akaitoa taarifa ya asubuhi, akaviweka viwili hivyo bega kwa bega. Mwandiko ulikuwa mmoja.

"Swali la mwisho, Mwalimu. Chini ya droo ya mboga ulificha nini?"

Mwalimu Priscilla aliivuta shuka mpaka kidevuni.

"Friji ndicho kitu pekee chenye kufuli nyumbani mwangu," alisema. "Hati ya shamba iko mle, kwenye mfuko wa plastiki. Na barua ya Dorine niliihamishia mle Julai. Ya chuo cha ualimu. Alikuwa ameshaacha nafasi moja nilipougua, nikamwahidi akiomba tena ataenda. Akaomba. Akaitwa aripoti Mei. Nikasema moyoni, nipone kwanza, nitampa mwaka ujao."

"Sasa iko wapi?"

"Iko mle."

"Haimo."

Mwalimu Priscilla aligeuzia uso wake ukutani. "Rispa huyeyusha barafu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Huosha droo zote. Nilisahau kwamba huosha droo."

Saa kumi na robo jioni, meza ya ofisi ya upelelezi ilikuwa na vitu vitatu: daftari, bahasha yenye kona ya lebo, na chupa nzima ya insulini. Rispa aliketi upande mmoja. Dorine, aliyefuatwa chekechea, aliketi upande wa pili, sketi yake bado ina chaki. Nchagwa aliegemea dirisha, akitazama saa waziwazi.

"Mama Tony," Phelesia alianza, "Jumapili jioni Mwalimu alikupa ufunguo ufunge dawa. Nani alikwambia uilaze kwenye barafu?"

"Nimeshasema."

"Umesema uliifunga. Hukusema ulijua itaharibika."

"Ningejuaje?" Ilimtoka kabla hajaizuia. "Njia ni ndefu, jua ni kali. Kitu cha baridi ukikiongezea baridi si ndiyo kinadumu? Hata samaki."

"Hayo ni maneno yako au uliambiwa?"

Rispa alimtazama Dorine, akatabasamu kumpa moyo. "Hata kama niliambiwa, aliyeniambia alikuwa hajui kama mimi. Aliniomba tusimwambie Mwalimu tumechezea dawa yake. Ni makosa hayo? Sote wawili hatukujua. Basi kwa nini tufungwe wawili? Mimi nimezeeka. Yeye ana maisha mbele."

"Hiyo ndiyo sababu ulinyamaza."

"Ndiyo hiyo."

Phelesia alifungua daftari ukurasa wa Machi, akalisukuma katikati ya meza akitaka kumsomea. Hakupata nafasi. Rispa aliliburuta upande wake, akaweka kidole cha shahada chini ya mstari wa kwanza, akaanza kutamka, silabi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"I-si... i-si-we-kwe... ba-ra-fu-ni."

Nchagwa aliachana na dirisha. "Huyu si alitia kidole gumba?"

"Niliona haya, afande. Herufi zangu bado mbovu." Rispa hakuinua kichwa. "Dorine ananifundisha mwaka wa pili huu. Mwandiko wa watu wengine hunishinda. Huu wake naujua." Kidole kilihamia mstari wa pili. "I-ki-ga-nda... i-tu-pwe. Ha-i-fa-i... te-na."

Alirudi mwanzo. Akasoma tena, kimya safari hii, midomo ikicheza. Kisha akalifunga daftari na kuweka mikono juu yake.

"Uliandika hivi Machi," alisema.

Dorine alitazama meza.

"Ile barua nilikupa mimi. Niliikuta chini ya droo imelowa, nikaianika juani kwenye majani, nikaona D, nikaona O, nikakimbia nayo chekechea. Nilifurahi kwamba nimesoma jina lako. Ulilia, nikalia nawe. Uliniambia ni machozi ya furaha."

"Mama Tony..."

"Kumbe tarehe ilikuwa imepita."

"Ilipita miezi mitatu kabla." Sauti ya Dorine ilikuwa ya upole vilevile. "Miaka minne nimemwosha, nimemsomea, nimemchoma sindano mikono yake ikitetemeka. Na barua yangu ilikuwa inaoza chini ya sukuma wiki."

"Tunalijua hilo," Phelesia alisema. "Mwalimu amelikiri. Sasa tunataka la kwako."

"Nilitaka augue tu. Alazwe wiki mbili, nipate nafasi ya kwenda chuoni kuwaomba wanipokee."

"Ulimwambia Mama Tony chupa nzima imekwisha muda, abebe ile iliyoganda peke yake."

"Sikufikiri sana."

"Ulifikiri," Nchagwa alisema. "Mpaka ufunguo uwe kwenye shingo ya mwingine, ulifikiri."

Phelesia alimwinulia kiganja kidogo, anyamaze, kwa sababu Rispa alikuwa amesimama. Alizunguka meza bila kuomba ruhusa, miguu yake mitupu haikutoa sauti kwenye sakafu, akapiga magoti mbele ya kiti cha Dorine mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Usimwangalie Sajenti. Usimwangalie afande. Niangalie mimi niliyelala kwenye saruji jana. Hukutaka augue. Mtu akitaka mwenzake augue hamwachi njiani bila dawa. Ulitaka nini, Dorine?"

Nje, mtu alikuwa anapiga pampu tairi la baiskeli. Akaacha.

"Sema, nyathina. Mimi nitasikia."

Mikono ya Dorine ilitafuta mikono ya Rispa, ikakuta imewekwa magotini, haikunjuki. Akaiacha hapo.

"Nilitaka afe, Mama Tony," alisema. "Na nilitaka awe amekufa mkononi mwako, mtu asinitazame mimi."